Moshi wa Nyumba ya Ciakuthii

Kiende aliwaamkia wazee wake kwa macho kabla ya kuwaamkia kwa mdomo. Filimbi ya homgadi, wale askari wa kijiji wa serikali, ilipolia asubuhi, yeye alikuwa tayari amesimama kwenye kichuguu nyuma ya nyumba yake, shuka limemkaza mabegani, akitazama mapaa. Nyumba yenye moshi, mwenyewe ameamka salama. Nyumba isiyo na moshi, Kiende alikuwa ameshaifikia kabla mpuliza filimbi hajavuta pumzi ya pili. Wazee wake walikuwa saba, na kazi hiyo hakupewa na mtu wala hakulipwa na mtu. Alijipa mwenyewe. Ukitaka kujua kwa nini, vuta subira, tutafika.

Huo ulikuwa mwaka wa 1955, Hali ya Hatari imekolea. Serikali ilikuwa imewang'oa watu mashambani mwao, kwenye ile miteremko ya Embu inayopanda kutoka Runyenjes kwenda msituni, ikawasukuma wote katika kijiji kimoja. Nyumba zilibanana, mapaa yakigusana, na handaki lilizunguka kijiji kizima, ndani yake miti iliyochongwa ncha. Lango lilifunguliwa asubuhi na kufungwa saa kumi. Ukikutwa nje baada ya hapo, hukuulizwa jina. Vijana walikuwa msituni au kizuizini, na wengine hakuna aliyejua waliko. Mwenye akili zake hakuuliza. Basi wazee wakabaki na nyumba tu, tena nyumba za udongo mbichi zilizojengwa kwa haraka, nyumba ambazo mwenyewe hazijui kona zake. Mtu aliyeishi miaka sabini hulijua jiko lake hata akiwa amefumba macho. Mhamishe hatua mia tatu tu, na keshokutwa utamkuta ameangukia mafiga.

Hapo ndipo Kiende alipoingilia kati. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na saba, mwembamba, mkali wa maneno, mtu wa Imenti aliyevuka mto Thuchi kuja kuolewa huku. Mumewe alikwenda vita vya Burma, ikarudi barua. Watoto hawakujaliwa. Wanawake wa kijiji walimcheka kwa lafudhi yake, na yeye aliwacheka kwa uvivu wao, wakawa sawa. Hakuwa muuguzi, na darasa hakuliona hata kwa dirisha. Lakini alikuwa na neno lake moja ambalo aliwarudia watu mpaka wakachoka: "Mzee si mtoto. Usimbebe kama anaweza kutembea. Mtengenezee njia, halafu toka uende zako."

Na njia alizitengeneza kweli. Alizungushia mafiga ukingo wa udongo, ili shuka la mzee lisiburuzike motoni. Alikisogeza kitanda karibu na jiko. Maji aliyatia katika vibuyu vidogo vidogo, kwa kuwa mkono wa mtu mzima usioweza kuinua debe unaweza kuinua kibuyu mara kumi. Kwa asiyeona vizuri alifunga kamba ya katani kutoka kitandani hadi jikoni, jikoni hadi mlangoni, mlangoni hadi chooni. Fundo moja: umefika jikoni. Mafundo mawili: mlango. Matatu: jisaidie, bibi, na heshima yako. Sakafuni alinyunyiza majivu, kwanza kwa sababu ya funza, waliokuwa wameanza kuvila vidole vya watu katika vumbi lile la kijiji, na pili kwa sababu majivu husema. Asubuhi aliinama, akasoma nyayo: huyu amelala vizuri, huyu ameamka mara tano, huyu anaburuza mguu wa kushoto, aangaliwe.

Moto ndio aliouwekea wivu zaidi. Kila mzee alifungiwa mzigo wa kuni wa siku moja, umefungwa kwa ugwe wa gome, mdogo wa kubebeka kwa mkono mmoja. Kiende hakukubali moto wa mzee uzimike. Ukizimika alitetemeka yeye, hata kama mzee mwenyewe hana habari.

Katika wale saba, aliyempa kazi na aliyempenda kupita wote alikuwa Ciakuthii.

Ciakuthii alikuwa kipofu, mfupi, na mbishi wa kuzaliwa. Alikuwa amezika mume na watoto wanne, na mtoto wa tano alikuwa kizuizini Manyani. Nyumba yake ilipakana na ya mzee Rwamba, mgongo kwa mgongo, na Rwamba alikuwa na miguu iliyovimba kama viazi vikuu, haondoki kitandani ila kwa kutambaa. Kiende alitoboa tundu katika kuta zao mbili, akapitisha kamba. Kila asubuhi Rwamba alivuta mara tatu, na Ciakuthii akamjibu mara tatu. Kipofu na kiwete wakawa wanalindana kwa kamba. Ciakuthii alisema ni mara ya kwanza tangu aolewe mwanamume kumwamsha bila kumtuma chai.

Mambo yaliharibika Mei, nyumba ya mzee mmoja upande wa lango ilipoungua. Mwenyewe aliokolewa, lakini nyasi za mapaa matatu ziliteketea. Kithaka, mkuu wa homgadi, akatoa amri: wazee wote wanaoishi peke yao wahamishiwe nyumba ndefu iliyokuwa karibu na kituo cha homgadi, ile iliyokuwa ghala la mahindi. Walale pamoja, moto uwe mmoja, walindwe. Kithaka hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Mama yake mzazi alikuwa wa kwanza kuingizwa humo. Lakini nyumba ile ilikuwa baridi na haikuwa na kona ya mtu, na wengi waliobebwa kwenda humo kwa machela walikuwa wanatoka baada ya wiki mbili kwa machela ile ile, uso umefunikwa. Kabla mwezi huo haujaisha, watatu kati ya saba wa Kiende walikuwa wamekwenda hivyo.

Siku homgadi wawili walipofika mlangoni kwa Ciakuthii na machela yao, Kiende alisimama katikati ya mlango, mikono kiunoni, akataka kuonana na mkubwa wao.

"Wewe Kiende, wacha kunisumbua," Kithaka alimwambia alipokuja. "Huyu bibi, huyu cucu wako, ni kipofu. Kipofu na moto! Siku moja atatuchoma sisi wote."

"Mkubwa, wewe umewahi ona ameanguka?"

"Bado."

"Umewahi ona ameungua?"

"Mimi naongea juu ya kesho, siongei juu ya jana."

"Basi ingia uone. Ukipata mahali moto unaweza kutoka, nitambeba mimi mwenyewe."

Kithaka aliingia. Alitazama ukingo wa udongo, akaivuta kamba, akapiga kitanda teke kuona kama kinayumba. Ciakuthii alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, ametulia, akasema bila kuulizwa, "Mwana wa Njagi, umenona. Unakanyaga kama ng'ombe. Mimi niliingia nyumba hii kwa miguu yangu, na siku ya kutoka nitolewe nikiwa sijui kama natolewa. Si kabla."

Homgadi mmoja alicheka, akanyamaza haraka. Kithaka alikuna kidevu. Mwishowe akaweka sharti lake: "Moshi nione kila siku filimbi ikilia. Siku nitakosa kuona, sitauliza maswali. Machela inakuja, na nyumba inabomolewa hiyo hiyo siku."

Hivyo ndivyo nyumba ya Ciakuthii ilivyoning'inia kwenye moshi, na wale wazee watatu wengine nao wakaachwa kwanza. Watu walipotoka, yule bibi alimshika Kiende mkono, akaukaza kwa vidole vyake vya mifupa mitupu.

"Niahidi. Usiwaache wanitoe nikiwa bado napumua."

"Nimeahidi, cucu."

"Sema tena."

Kiende alisema tena, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Ciakuthii, kwa kuwa alikuwa haoni, alikisikia vizuri.

Mwezi Juni uliingia na ukungu wake. Wenye kuzijua nchi hizi za chini ya Mlima Kenya wanaijua baridi ile: jua linakwenda likizo, nguo hazikauki, na mchana kutwa unatembea ndani ya kitu cheupe kinachokulamba uso. Asubuhi moja katika ukungu huo, Kiende aliinama kusoma majivu ya Ciakuthii, akaona nyayo za bibi zimekwenda jikoni na kurudi. Kisha akaona mahali, ng'ambo ya pili ya moto, majivu yamebonyea, kana kwamba mtu ameketi chini.

"Cucu, jana ulikuwa na mgeni?"

"Si jana tu," Ciakuthii alisema, akimenya ndizi yake taratibu. "Yule mwanamke. Huja kuota moto. Hana maneno mengi."

"Mwanamke gani? Mlango unafungwa kwa ndani."

"Nitajuaje, na macho sina? Ana harufu ya majani mabichi. Mimi nilimuuliza anataka nini. Akaniambia anangoja kuni. Eti kuna msichana wake alienda kuleta kuni, hajarudi."

Kiende aliketi chini pale pale. Ciakuthii aliendelea kula ndizi. Ukungu ulikuwa umeingia mlangoni na kufika hadi jikoni.

Sasa tumefika pale nilipokuahidi.

Zamani zile, kwao Imenti kama huku Embu, mtu hakuachwa afie ndani ya nyumba. Kifo kikiingia ndani, nyumba imeharibika, hailaliwi tena. Kwa hiyo mgonjwa aliyekatiwa tamaa alibebwa hadi kichakani, akawashiwa moto, na mmoja wa nyumbani akaketi naye mpaka mwisho. Usiwahukumu. Ndivyo walivyojua, na wao pia walilia. Kiende alikuwa na miaka kumi mama yake alipobebwa hivyo, akiugua tumbo la kuhara damu. Mjomba alimwashia moto, akamwambia Kiende aketi naye kidogo, yeye anakwenda kumwita mganga ajaribu mara ya mwisho. Jua lilikuwa bado lipo. Moto ulipoanza kufifia, mama alisema, "Kiende, kuni." Mtoto akasema, "Naenda kuleta, mama, narudi sasa hivi." Alikuwa ameokota vijiti vitatu tu aliposikia fisi, kicheko kile kifupi, upande wa mtoni. Akatupa vijiti. Akakimbia hadi nyumbani, akajifunika ngozi ya mbuzi, akaziba masikio.

Mjomba aliporudi kichakani alikuta majivu baridi. Mama hakuwepo. Walitafuta hadi wakachoka, na hawakupata hata kipande cha nguo.

Hadithi hiyo Kiende hakumsimulia mtu. Hakumsimulia mumewe, wala hakuiungama kanisani alipobatizwa. Watu pekee waliojua maneno yale, kuni na narudi sasa hivi, walikuwa yeye na aliyeambiwa. Akaondoka kwa Ciakuthii siku hiyo bila kuaga, akapasua kuni hadi viganja vikatoka damu.

Julai, wiki ya kwanza, ikaja amri nyingine. Wanawake wote wenye nguvu wapelekwe kuchimba handaki kwenye mpaka wa msitu. Siku tisa, walale huko huko. Kiende alikwenda kwa Kithaka kuomba aachwe, akajibiwa kwamba amri ya serikali haina cucu. Alikuwa na siku moja tu ya kujitayarisha. Wale wazee wengine wawili alipata mtu wa kuwaangalia. Lakini kwa Ciakuthii na Rwamba hakuna aliyekubali. Kwa Rwamba kulikuwa na harufu ya vidonda, na kwa Ciakuthii, maneno ya mgeni wa ukungu yalikuwa yameshatembea, maana bibi mwenyewe alimwambia kila aliyepita. Lisemwalo lipo, watu walisema, na wakapita mbali.

Basi Kiende akafanya alivyojua. Alimtayarishia Rwamba chakula kitandani. Kwa Ciakuthii alipanga mizigo tisa ya kuni ukutani, kila siku mzigo mmoja. Alimjazia kibuyu kikubwa uji mchachu usioharibika upesi, na mkungu wa ndizi za kuiva pole pole. Ili bibi asipoteze hesabu ya siku, alimwekea vibakuli viwili kichwani pa kitanda, na punje tisa za maharagwe ya njahi katika kibakuli cha kushoto. Kila akiamka, ahamishe punje moja kwenda kulia. Zikiisha, Kiende amerudi.

"Unaogopa kuliko mimi," Ciakuthii alimwambia.

"Mimi siogopi kitu."

"Enda, mama. Ukirudi utanikuta."

Kiende alitazama mizigo ile tisa kwa muda mrefu. Halafu, nani ajuaye kwa nini, aligeuka kuelekea upande wa pili wa moto, pale majivu yalipokuwa yamebonyea, akasema kwa Kiimenti, kwa sauti ya chini, "Kuni ni hizo." Akatoka mbio.

Siku tisa alichimba. Kila asubuhi, huko juu, alijaribu kutazama chini kuliko na kijiji, na kila asubuhi aliona ukungu mtupu. Sitazisimulia siku hizo. Aliyechimba handaki lile anazijua, na asiyelichimba hataamini.

Lori liliwarudisha saa tano za asubuhi, siku ya kumi. Kithaka alikuwa langoni, koti limepandishwa hadi masikioni. Alipomwona Kiende akatabasamu, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Cucu wako ni mwanamume," alisema. "Hajakosa hata siku moja. Hiyo moshi yake ndiyo ya kwanza hapa kijijini. Filimbi bado, yeye ameshawasha. Na leo pia, nimeona na macho yangu kabla ukungu haujafunga."

Kiende alihisi mzigo unamtoka mgongoni. Panapofuka moshi pana moto, wahenga walisema, na ni kweli. Lakini hawakusema pana nani.

Alipitia kwanza kwa Rwamba, kwa kuwa mlango wake ndio uliotangulia. Mzee alikuwa amechakaa, ila yu hai, na kamba ilikuwa mkononi mwake.

"Ciakuthii anaendelea aje, mzee?"

"Ako. Asubuhi amenijibu." Rwamba aliitazama kamba. "Lakini nikuulize kitu, mama. Zile siku za kwanza mimi ndiye nilikuwa navuta, yeye ananijibu mara tatu, vile ulitufundisha. Sasa ikafika siku ya nne, nikaona navutwa mimi kwanza. Kabla sijaamka. Na si mara tatu. Ni mara moja tu, na nguvu. Hiyo nguvu Ciakuthii ameipata wapi?"

Kiende alitoka. Alizunguka nyumba. Moshi ulikuwa unatoka paani, mwembamba, ukiingia katika ukungu bila kuachana nao. Aliita, "Cucu!" Akagonga. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani kwa gogo, kama kawaida, naye akapitisha mkono kwenye tundu la siri, alilolijua yeye na bibi peke yao, akalisukuma gogo na kuingia.

Nyumba ilikuwa na joto. Moto ulikuwa unawaka vizuri, gogo la mwisho limesukumwa hadi katikati ya mafiga, jinsi anavyolisukuma mtu anayejua moto. Ciakuthii alikuwa kitandani, amelalia ubavu, uso kwenye moto, shuka limekunjwa vizuri hadi begani. Alikuwa mdogo kuliko alivyomwacha. Alikuwa amekauka kwa baridi na moshi, na alikuwa amekufa, tena si jana wala juzi. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Ciakuthii hakuwahi kulala amefumba macho, alisema kipofu hana haja ya kufunga dirisha la giza. Hayo yalifumbwa na mkono.

Kiende aliangalia vibakuli. Punje tatu kulia. Punje sita kushoto.

Aliangalia kibuyu cha uji. Kilikuwa kimepungua cha siku tatu, juu pameota ukungu mweupe. Ndizi zilikuwa zimeiva, zikaoza kwenye mkungu.

Aliangalia ukuta wa kuni. Hapakuwa na kitu. Mizigo yote tisa ilikuwa imekwisha, na zile gwe tisa za gome zilikuwa zimetundikwa kwenye kigingi, moja baada ya nyingine, hazikukatwa, zimefunguliwa fundo.

Ndipo akainama, kama alivyozoea, kusoma majivu. Nyayo za Ciakuthii zilikuwapo, ndogo, zikifuata kamba, za zamani, zimeanza kufifia. Juu yake zilikuwapo nyingine, mbichi. Zilitoka ng'ambo ya moto hadi kwenye kuni, zikarudi. Zilikwenda kitandani, zikarudi. Zilikwenda kwenye kamba ya Rwamba, zikarudi. Kuelekea mlangoni hakukuwa na hata unyayo mmoja. Na mguu wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho.

Mama yake Kiende alikuwa ameliwa kidole hicho na funza, tangu Kiende hajazaliwa. Akiwa mtoto, Kiende alizoea kukibonyeza kile kikovu kwa kidole chake ili apate usingizi.

Wenye akili nyingi watasema ni Rwamba aliyetambaa. Waseme. Rwamba alikuwa na vidole vyote kumi, na miguu isiyoingia hata kwenye ndoo, na mlango ulifungwa kwa ndani. Mimi sibishani na mtu. Nasema kilichoonekana.

Kiende aliogopa. Sitamvika ushujaa asiokuwa nao. Nywele zilimsimama, na miguu yake iligeuka kuelekea mlangoni kabla yeye hajaamua, miguu ile ile ya mtoto wa miaka kumi. Alikuwa ameshashika gogo la mlango aliposikia nyuma yake moto unapasuka kidogo, na gogo la mwisho, limeliwa hadi kiini, likavunjika na kuanguka. Mwanga ukapungua. Kuni zilikuwa zimekwisha.

Akatoka mbio.

Alikimbia katika ukungu, akajikwaa, akasimama, akakimbia tena. Karibu na nyumba yake mwenyewe alimgonga Kithaka, aliyekuwa anapita na bunduki yake.

"We! Unakimbilia wapi?"

"Kuni."

Kithaka alimtazama usoni, na mtu aliyemtoa mama yake nyumba ndefu kwa machela, uso umefunikwa, wiki iliyopita, haelezwi mara mbili. "Ni cucu?"

"Amelala. Ndani kwake, kwa kitanda chake. Machela haina kazi tena, mkubwa, ngoja hadi ya kuzika."

"Saa ngapi? Si asubuhi mimi nimeona…"

"Siku ya nne."

 Kithaka aligeuka kutazama upande wa paa lile, lakini ukungu ulikuwa umefunga kila kitu. Akavua kofia yake. Halafu aliinama pale kwenye lundo la kuni la Kiende, akamsaidia kujitwika mzigo, mkubwa kuliko wa mzee, mzigo wa mwanamke mwenye nguvu zake. Hakumfuata.

Njia ya kurudi ilikuwa hatua sitini. Kiende alikuwa amezikimbia miaka ishirini na saba. Alitembea polepole, kuni zikimchoma kisogo, na alipokaribia mlango alisikia mahali fulani nje ya handaki, upande wa mtoni, kicheko kifupi cha fisi, mchana kweupe. Kiende akakisikiliza hadi kikaisha, akaingia.

Ndani hakukuwa na mtu ila marehemu. Makaa yalikuwa mekundu bado, kidogo tu, kama macho ya paka. Alipiga magoti, akapanga vijiti vitatu kwanza, vyembamba, akapuliza. Moto ukashika. Akaweka na kuni kubwa.

"Mama," alisema, "nimerudi. Kuni nimeleta."

Kisha akamfunika Ciakuthii vizuri, akavuta kigoda upande huu wa moto, akaketi. Ng'ambo ya pili majivu yalikuwa yamebonyea. Alikaa hapo hadi jioni, mpaka kuni zote zikawa majivu na majivu yakapoa.